Nilivyowaezekea Wakimbizi wa Igombelo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuezeka kitu. Nilipewa mundu butu, nikaonyeshwa mbuga yenye nyasi zilizonipita kichwa, nikaambiwa nikate mpaka niambiwe niache. Aliyenipa mundu huo alikuwa Fundi Mkuu wa yadi ya serikali hapa Tabora, Kalasinga mmoja mwenye ndevu alizozifunga kwa wavu, mtu asiyecheka na asiyesahau. Wenzangu walikata kama watu wanaowakatia ng'ombe, juu juu na popote. Mimi nilikata chini karibu na mzizi, nikakung'uta, nikachambua majani yote mpaka yakabaki mabua matupu, kwa sababu ndivyo nilivyomwona mama yangu akifanya kwa paa la ghala lake. Jioni Kalasinga akapita kukagua matita yetu. Akavuta bua moja kwenye tita langu, akalikunja, halikukatika.

"Nani fundisha wewe?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba sikufundishwa na mtu. Kesho yake nilikuwa juu ya paa na wenzangu walikuwa bado mbugani.

Naanza na hilo ili vijana mnaosoma haya mjue kwamba sikuingizwa kazini na cheti wala na mjomba. Shule niliiona misimu miwili kwa mwalimu wa misheni. Nikajua herufi na hesabu, kisha mashamba ya baba yakanihitaji. Leo nina nyumba mbili Kanyenye na moja Mtendeni, na miongoni mwa wapangaji wangu wamo makarani wanaosema Kiingereza puani. Sisemi kwa majivuno. Nasema kwa sababu nyumba zipo, anayetaka aje azitazame.

Siku hizi kila mtu anataka mabati, kwa hiyo nieleze kidogo kuezeka ni nini. Kwanza unasimamisha nguzo, unalaza miamba juu yake, yaani magogo yanayobeba uzito wote. Kutoka kwenye miamba mpaka kileleni unapandisha makombamoyo, zile nguzo ndefu nyembamba zilizonyooka, na juu yake unafunga fito kwa kamba za magome ya miyombo, ambazo lazima ziloweshwe, maana kamba kavu hukatika mvua ya kwanza. Ndipo nyasi zinaanza, kutoka upenuni kwenda juu, kila safu inaifunika ya chini yake, na unazipiga kwa kibao mpaka vikonyo vyake vikae sawa kama nywele zilizochanwa. Fundi mvivu huweka nyasi unene wa vidole vinne. Mimi niliweka kiganja na nusu. Paa langu ukilitazama kwa ndani hulioni jua hata la tundu la sindano.

Kutoka yadini nilihamishiwa kwa Bwana Barabara, Mwingereza mrefu aliyekuwa akipita na baiskeli, akaniweka kwenye mabanda ya mapumziko. Serikali ilikuwa na mabanda hayo kila mwendo wa siku kwenye njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita babu zetu na pembe za ndovu mabegani kwenda pwani. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, akisafiri kukagua kodi alilala humo. Nimeezeka banda baada ya banda upande wa mashariki wa Tabora, na Bwana Barabara alikuwa akisema kwamba anapoona kilele kimefungwa vizuri hana haja ya kuuliza ni kazi ya nani. Basi vita vya Wazungu vilipopamba moto na serikali ikataka fundi wa kujenga kambi nzima kwa haraka, jina lililotajwa lilikuwa langu, Fundi Mihambo.

Kambi ilipangwa Igombelo, mahali ambapo misafara ilikuwa ikilala kwa sababu ya visima. Tuliambiwa wanakuja Wapolandi, Wazungu waliofukuzwa kwao na vita, na kwamba nyumba ziwe za muda. Hatukuamini. Mzungu tuliyemjua sisi ni wa kuamuru. Lakini walipoteremshwa kwenye malori kutoka stesheni tuliwaona kwa macho yetu: wanawake wengi, watoto, wazee wachache, wengine na viatu vilivyoshikiliwa kwa kamba, wamebeba mafurushi kichwani kama watu wanaokimbia njaa. Wakawekwa kwenye mahema wakati sisi tunajenga. Kulikuwa na muuguzi wao mmoja, Bibi Helena, mwanamke mwembamba asiyetulia. Huyo alikuwa akienda sokoni kijijini na kuuliza kila kitu kinaitwaje, hata msimu haujaisha akawa anasema Kiswahili cha kueleweka. Tuliamriwa tumwite Memsabu. Yeye mwenyewe akasema Bibi inamtosha.

Mkuu wetu alikuwa Bwana Mkubwa wa Kambi, askari wa zamani mwenye mkono mmoja mzima. Mapema sana alinieleza jambo ambalo ndilo lililoniweka macho kwa muda wote ule. Ujenzi ukiisha, vibarua wote wataachishwa, lakini atabaki mtu mmoja, Mnyapara Mkuu wa kambi, mwenye ajira ya kudumu, nyumba ya matofali na sauti juu ya Waafrika wote watakaofanya kazi pale. Mimi nilikuwa kibarua. Kibarua hulipwa akiwapo, akiugua anasahauliwa. Nilimwambia mke wangu aanze kufikiria atapanda nini nyuma ya ile nyumba ya matofali. Akachagua mchicha na bamia. Katika akili yangu kazi ilikuwa yangu, maana nani mwingine alikuwapo?

Alikuwapo Mwinyimvua.

Mwinyimvua alikuwa Mzaramo, mwenye mkokoteni wa ng'ombe, kazi yake kuchota maji visimani na kuyapeleka kwenye mapipa ya kambi. Mfupi, mweusi tii, kofia upande. Sasa, sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu enzi za misafara babu zetu walipokuwa wakipita kwao. Mtani wako akikutukana hukasiriki. Akikunyang'anya kofia huidai. Ukifa, yeye ndiye anayefanya vituko makaburini na wafiwa wanacheka katikati ya kilio. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Mwinyimvua aliniita mbeba mizigo, nami nikamwita mla madafu, na watu wakatucheka sote, ikaisha. Utani ni kitu kizuri. Ubaya wake ni mmoja tu, nao niliujua Igombelo: ukimwonea wivu mtani wako huna pa kuupeleka. Huwezi kugombana naye. Ukimtukana kwa hasira ya kweli, watu wanasikia utani, wanapiga makofi.

Nyumba ya kwanza ilipokamilika Bwana Mkubwa akataka ikabidhiwe kwa heshima. Wakimbizi wakakusanyika mbele ya mlango. Mafundi wa kwetu tuna desturi yetu. Ukimaliza paa unasimama mlangoni, unagonga mwimo kwa kile kibao cha kupigia nyasi, na unamtangazia mwenye nyumba paa lake litaishi mvua ngapi, yaani miaka mingapi. Ni kiapo. Likianguka kabla, unarudi kuezeka bure. Na mwenye nyumba akisikia hesabu kubwa, wanawake wake wanapiga vigelegele. Kwetu neno hilo ni tamu kuliko ujira.

Basi nikavaa shati safi, nikagonga mwimo mara tatu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mahema: "Paa hili ni langu, Mihambo. Litaona mvua kumi na mbili. Chini yake mtazeeka, mtawaoza mabinti zenu, na wazee wenu mtawazika kutoka humu."

Nilikuwa sijawahi kumwahidi mtu mvua kumi na mbili, hata chifu. Niliwapa hesabu kubwa kuliko zote za maisha yangu.

Bibi Helena hakutafsiri mara moja. Alinitazama kwanza. Kisha akasema maneno machache kwa lugha yao, taratibu, na nikasubiri vigelegele. Mwanamke aliyekuwa mbele kabisa akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa. Wa pembeni yake naye akaanza. Halafu wote. Hawakupiga kelele, walilia kimya, kama watu waliopata habari waliyokuwa wakiikimbia. Bwana Mkubwa akamwuliza Bibi Helena nimesema nini, akaambiwa, akashika paji la uso. Mimi nimesimama na kibao mkononi.

Ndipo ikasikika sauti kutoka kwenye mkokoteni wa maji.

"Msimsikilize huyo mbeba mizigo," alisema Mwinyimvua, hata ng'ombe hajawasimamisha vizuri. "Wanyamwezi hawajui kuezeka, wanajua kubeba. Paa hilo litaporomoka kabla mahindi hayajaiva. Bahati yenu hamtakuwapo. Mtakuwa kwenu mnakula viazi, likimwangukia yeye kichwani mtapata habari kwa barua."

Bibi Helena akatafsiri, na katikati ya kutafsiri akaanza kucheka, machozi bado yako mashavuni. Yule aliyekaa chini akafunua uso. Mmoja akasema neno, wakacheka tena. Mimi nikamjibu Mwinyimvua papo hapo, na nilimjibu vizuri sana, nilisema aliyezaliwa chini ya makuti asinifundishe paa, maana kwao mvua ikinyesha wanahamia chini ya mbuzi. Vibarua wote waliangua kicheko. Lakini jibu langu hakuna aliyelitafsiri.

Tangu siku hiyo ikawa desturi mpya. Hakuna mkimbizi aliyekubali kuingia nyumba mpya mpaka Mwinyimvua aje kuitukana. Naezeka mimi wiki nzima, jua la Tabora linanichoma mgongo, namaliza kilele, kisha analetwa yeye na mkokoteni wake. Anatikisa nguzo, anaguna, anasema hili halimalizi mwezi, hili upepo wa mbuzi akikohoa litakwenda. Wanawake wanacheka, wanabeba mafurushi, wanaingia. Mimi niko juu ya ngazi natazama. Walimfumia sweta ya sufu nyekundu, naye akaivaa mchana wa jua kali, jasho linamtiririka, anazunguka nayo kambi nzima. Mimi nilipewa "asante." Nimewapa nyumba zisizovuja, nikapewa asante.

Wivu ni kitu cha ajabu, vijana. Nilikuwa nikila chakula hakina ladha. Nikisikia kicheko upande wa visima najua yuko nani pale. Mke wangu akaniuliza kwa nini siku hizi natafuna kama napigana na ugali. Nikamwambia kuna mchota maji anataka nyumba yetu ya matofali. Akaniuliza, je, anajua kuezeka? Nikasema hajui. Akasema basi unaogopa nini. Nikanawa mikono nikatoka. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa kicheko?

Msafara mwingine wa wakimbizi ukaja na nyumba hazikutosha. Bwana Mkubwa akanigawia nyingi, na chache akampa Mwinyimvua na watu wake wajaribu. Nilifurahi kama mtoto. Nilipita kila siku kutazama. Aliweka nyasi vidole vinne, kamba hakuzilowesha, makombamoyo yamepinda kama miguu ya ndama. Nikanyamaza. Nani angenisikiliza? Ningeonya, wangesema ni utani.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja na upepo kutoka magharibi. Asubuhi yake nilitoka kwangu mbio, na nakiri nilikimbia kwa furaha. Zangu zote zilikuwa zimesimama, hata unyasi mmoja haujageuka. Katika zake, mbili zilikuwa zimevuliwa paa lote, nyasi zimetapakaa mpaka visimani. Hakuna aliyeumia. Nikaelekea huko nikijipanga uso wa kusikitika, maana nilijua sasa watanitafuta mimi.

Niliwakuta wamekaa ndani ya nyumba isiyo na paa, anga juu yao, magodoro yamelowa yameanikwa kwenye kuta, wanakunywa chai. Mwinyimvua katikati, na sweta yake.

"Niliwaambia litaanguka," alikuwa akisema. "Mimi si mwongo kama Mnyamwezi."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Bibi Helena aliponiona mlangoni akaniita nije ninywe. Nikasema nina kazi. Sikuwa na kazi.

Siku hiyo hiyo Bwana Mkubwa akaniita ofisini. Nikaingia kifua mbele.

"Fundi, nyumba zako hazikuvuja hata tone," alisema.

"Ndiyo, Bwana Mkubwa."

"Nimekwenda kuzitazama zote. Sijaona fundi kama wewe. Mnyapara Mkuu atakuwa Mwinyimvua."

Nikamwuliza kama nimesikia vizuri. Nikamwuliza kama kweli anamtaka mtu ambaye paa lake halikuweza kumaliza mvua moja.

"Nyumba zako zimekwisha na ni nzuri, sina haja ya kuzifikiria tena," alisema. "Lakini watu walio ndani yake hawalali. Hawali. Wale wazee wanageukia ukutani wanataka kufa. Yeye anawatoa nje. Hilo wewe huwezi kunifanyia, Fundi. Paa likianguka nitakuita."

Nikamwambia langu halitaanguka. Akasema anajua.

Kwa hiyo nikabaki kibarua wa matengenezo, chini ya Mwinyimvua. Kila asubuhi tulipanga mstari mbele ya ile nyumba ya matofali, naye anatoka na kijiti cha meno mdomoni, anasema mbeba mizigo leo atuletee nyasi. Na mimi nacheka, kwa sababu ni mtani. Mke wangu alipanda bamia zake huko huko kwetu.

Siku moja tulikuwa wawili tu, narudishia paa la jiko lake la kambi na yeye ananipokeza matita. Nikamwuliza bila utani kwa nini alilitukana paa langu mbele ya watu wale siku ile ya kwanza. Naye akajibu bila utani.

"Ulidhani sijui kama litadumu? Nililiona paa lile nikajua litanizika mimi. Ndiyo maana nikasema uongo haraka," alisema. "Wewe uliwaambia kweli, Mihambo. Nani alikuuliza kweli?"

Nikampiga kwa unyasi kichwani. Tukacheka. Lakini usingizi haukunijia vizuri, kwa sababu hata jibu hilo ningependa liwe langu.

Vita vikaisha, nao hawakuondoka. Kwao, walisema, kumechukuliwa na wengine. Mvua zikapita, watoto waliokuja wamebebwa wakawa wanakimbizana na mbuzi wetu na kuwatukana kwa Kinyamwezi. Wazee kadhaa tuliwazika nyuma ya visima, na katika mazishi hayo Mwinyimvua alikuwa akishuka kaburini kabla ya maiti, analala, anasema pamekuwa padogo kwa wawili, marehemu achimbiwe pake kwingine, nao wakimbizi walishamzoea, wanampa sigara ndipo atoke. Mwishowe serikali ikaanza kuwasafirisha, kundi kwa kundi, Uingereza na nchi nyingine za mbali. Hakuna aliyekwenda kwao kula viazi. Mimi nilisema watazeeka pale, hawakuzeeka. Yeye alisema watarudi kwao, hawakurudi. Ukipima kwa haki, wote wawili tulikosea. Lakini tazameni stesheni ya Tabora siku ya kundi la mwisho ilikuwaje. Bibi Helena alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi, miaka yote sikulowa hata siku moja," aliniambia.

Lilikuwa neno kubwa, nami ninalo mpaka leo. Kisha akaniacha, akaenda kwa Mwinyimvua, akaweka kichwa begani kwake pale pale mbele ya Wazungu wa stesheni, na wenzake wakamzunguka, garimoshi likapiga honi mara ya pili bado hawajamwachia. Nilisimama karibu na mizigo. Bega langu lilikuwa kavu.

Baada ya hapo niliezeka miaka mingi mingine: korti za machifu, ghala za pamba upande wa Nzega, nyumba za walimu. Niliacha kazi pale goti lilipogonga gogo nikishuka ngazi, likagoma kupona. Sijawa mzee wa mkongojo, nywele nyeusi bado ni nyingi kuliko nyeupe, lakini fundi asiyeweza kupanda ni mwenye nyumba tu, na mimi ni mwenye nyumba. Vijana wananijia kuniuliza siri ya kuezeka. Nawaambia kata chini, chambua, lowesha kamba, weka kiganja na nusu. Wakiniuliza siri ya kupendwa na unaowaezekea nawaambia sikuwahi kufundishwa, na wa kumwuliza amerudi kwao Uzaramo.

Kila mwisho wa masika napenda kwenda Igombelo. Mabanda ya Mwinyimvua yamekwisha kabisa, hata kuta zimerudi kuwa udongo. Yangu kadhaa yangali na mapaa, yamekuwa meusi, wachungaji wanaweka ndama humo mvua ikinyesha. Nakaa humo kidogo, natazama juu. Siuoni mwanga.

Mara ya mwisho nilipanda lori la Mhindi anayepeleka chumvi. Utingo akaniuliza nashuka wapi. Nikasema Igombelo. Hakupajua. Nikamweleza: pale palipokuwa na kambi ya wakimbizi wakati wa vita, yenye nyumba za nyasi, zile nilizoezeka mimi.

"Si useme tu, mzee," alisema. "Kwa Mwinyimvua."

Nikamwambia pale panaitwa Igombelo tangu misafara, na kwamba huyo Mwinyimvua hakujenga pale kitu kinachosimama. Nikamtajia jina langu. Akaitikia kwa heshima, kisha akasema kama nataka huko Igombelo ningoje lori jingine, pengine dereva wake atapajua. Wao wanasimama kwa Mwinyimvua tu. Watu nyuma walikuwa wananisubiri nimalize. Jua lilikuwa limeshapanda, na goti langu haliwezi tena ule mwendo.

"Haya," nikamwambia. "Nishushe kwa Mwinyimvua."